Maswali ya Wasomaji: Programu Isife Siku ya Kutolewa Alama

Mwezi huu barua nyingi zinalalamikia jambo moja: chuo kinafundisha hiki, kazini wanataka kile. Tumechagua tano, kutoka kwa wanafunzi, mhadhiri, mwajiri na mzazi.

Habari za kazi. Niko mwaka wa pili, nasomea uhandisi wa programu. Muhula mzima tumesoma lugha ya C na miundo ya data. Nikitazama matangazo ya kazi naona Laravel, React na Flutter. Hatupotezi muda?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Hampotezi. Chuo kina deni kwenu kweli, lakini deni lenyewe si Laravel.

Tazama miaka ya zana hizo za kutengenezea programu. Laravel ilitoka 2011, React 2013, na toleo la kwanza kamili la Flutter lilitoka mwishoni mwa 2018. Mtaala ulioandikwa 2010 usingeweza kutaja hata moja kati ya hizo. Mtaala ukianza kukimbizana na majina ya zana, utafika umechelewa kila mara. C ni ya miaka ya 1970 mwanzoni, SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata, nayo ni ya muongo huo huo, na zote mbili zingali kazini.

Chukua mfano mmoja. Umeandika kwa Laravel ukurasa wa kuonyesha wanafunzi 400 na karo waliyolipa. Ndani ya mzunguko wa kuchapa majina umeweka `$mwanafunzi->malipo`. Kwa macho ni kama unasoma kigezo cha kawaida. Kumbe kila mzunguko unapopita, programu inakwenda tena kwenye hifadhidata: ulizo 1 la kuleta wanafunzi, kisha maulizo 400 ya kuleta malipo ya kila mmoja. Jumla 401. Kila ulizo likichukua milisekunde 5 kwenda na kurudi, sekunde 2 zimekwisha kabla mhasibu hajaona jina la kwanza. Kwenye kompyuta yako, yenye wanafunzi 6 wa kubuni, huwezi kuliona tatizo hilo kamwe. Dawa yake ni neno moja, `with('malipo')`, na maulizo yanabaki 2. Lakini neno hilo halitakujia akilini kama hujui kinachoendelea chini ya Laravel.

Faharasa za hifadhidata, yaani orodha zilizopangwa za kuharakisha utafutaji, ni hivyo hivyo. Kutafuta namba moja katika safu 1,000,000 kwa kupitia moja baada ya nyingine ni hatua hadi milioni. Zikiwa zimepangwa, ukakata nusu kila mara, ni hatua kama 20. Hesabu hiyo umefundishwa kwenye miundo ya data. Anayeifahamu ndiye anayeitwa seva inapozidiwa saa nne asubuhi siku ya kulipa karo.

Sasa deni. Jina “uhandisi wa programu” lilisambaa baada ya mkutano uliofanyika Garmisch, Ujerumani, Oktoba 1968. Walioitisha mkutano ule walisumbuliwa na programu kubwa zilizochelewa, zilizopita bajeti, na zilizokuwa hazitegemeki. Kiini cha uhandisi huu tangu mwanzo ni programu inayoandikwa na watu wengi, ikadumu miaka, ikabadilishwa na watu ambao hawakuiandika. Chuoni mwanafunzi anaandika mistari 300 peke yake, mwalimu mmoja anaisoma, anatoa alama, na programu inakufa siku hiyo hiyo. Kazini atakabidhiwa mistari 80,000 ya watu waliokwisha kuhama, aambiwe arekebishe mmoja tu bila kuvunja mingine. Hakuna somo hata moja lililompa mazoezi ya kazi hiyo.

Unaweza kuanza kulilipa deni hilo mwenyewe. Chukua zoezi lako la mwaka wa kwanza, liweke kwenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, liandikie majaribio 10 yanayojiendesha yenyewe, kisha mpe mwenzako aliendeshe kwenye kompyuta yake bila wewe kuwepo. Palipomkwamisha, rekebisha. Halafu pokea lake, uliongezee jambo moja. Wikiendi mbili za namna hiyo zitakupa kitu ambacho masomo ya video hayakupi.

Salaam. Mradi wangu wa mwisho ni mfumo wa duka unaopokea malipo ya M-Pesa. Kwenye utetezi ulifanya kazi vizuri nikapata alama nzuri. Duka la mjomba lilipoanza kuutumia, baadhi ya wateja wameandikiwa malipo mara mbili, na wengine wamelipa lakini oda inasoma “haijalipwa”. Nimekosea wapi?
*Mhitimu, Nakuru*

Siku ya utetezi, mwalimu mmoja alilipa mara moja, kwa simu moja, mtandao ukiwa mzuri. Njia iliyonyooka ndiyo iliyopimwa. Duka linapita njia nyingine zote.

Kwenye Daraja, mlango wa Safaricom wa watengenezaji programu, ukituma ombi la malipo kwenye simu ya mteja, jibu unalopata papo hapo si malipo. Ni uthibitisho tu kwamba ombi limepokelewa, na ndani yake mna `CheckoutRequestID`. Matokeo yanakuja baadaye, peke yake, kwenye anwani uliyoitaja. `ResultCode` ikiwa 0, amelipa. Ikiwa 1032, ameghairi mwenyewe. Wanafunzi wengi huandika oda kuwa “imelipwa” kwenye lile jibu la kwanza, au huongeza fedha kila taarifa ya matokeo inapoingia bila kuuliza kama ilishaingia.

Kwa mfumo wowote wa malipo, jikinge ukijua kwamba taarifa inaweza kuja mara mbili, kuchelewa, au isije kabisa. Mara nyingi kuja mara mbili kunasababishwa na mpokeaji. Taarifa inaingia, programu yako inaanza kutengeneza risiti ya PDF na kutuma SMS kabla ya kujibu, sekunde zinapita, mtumaji anaona kimya na anaweza kutuma tena. Jibu kwanza kwamba umepokea, risiti ifuate.

Rekebisha hivi. Unapotuma ombi, hifadhi `CheckoutRequestID` pamoja na namba ya oda na kiasi, hali ikiwa “inasubiri”. Taarifa ya matokeo ikija, itafute kwa kitambulisho hicho. Isipopatikana, iweke kando kwa uchunguzi, usiongeze fedha popote. Linganisha kiasi kilicholipwa na kiasi cha oda, kwa sababu anwani yako iko wazi kwenye intaneti na mtu anaweza kukutumia taarifa ya uongo. Kisha weka sharti la upekee kwenye safuwima ya `MpesaReceiptNumber`, namba ya risiti ya M-Pesa, ndani ya hifadhidata yenyewe. Hapa usitegemee msimbo wa “kama haipo, ingiza”: taarifa mbili zikifika kwa kupishana milisekunde chache, zote mbili zitaona haipo, na zote mbili zitaingia. Hifadhidata ndiyo inayoweza kuikataa ya pili. Kuandika malipo na kubadili hali ya oda viwe muamala mmoja wa hifadhidata, umeme ukikatika katikati visibaki nusu.

Kwa zile oda zilizolipwa zikabaki “haijalipwa”, andika kazi ndogo ya kila baada ya dakika chache: chukua oda zote zinazosubiri zaidi ya dakika 2, uliza hali yake kupitia huduma ya kuulizia matokeo iliyomo humo humo Daraja, kisha sahihisha.

Ukimaliza, jaribu kwa ukatili. Tuma taarifa ile ile mara 10, hakikisha safu ni 1. Tuma mbili kwa wakati mmoja. Izime programu katikati ya kazi, uiwashe. Na kama kiasi umekihifadhi kama namba ya desimali inayoelea, kitoe humo leo. Kwa aina hiyo ya namba kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 inapata 0.30000000000000004, na mhasibu hatakuelewa. Hifadhi senti kwa namba nzima.

Mimi ni mhadhiri. Waajiri wanatulaumu kila mwaka, lakini mtaala mpya unapita kwenye vikao kwa muda mrefu. Nina somo moja la mradi wa kikundi, wiki 14, wanafunzi 60. Naweza kufanya nini ndani ya somo hilo tu?
*Mhadhiri, Mombasa*

Mwalimu, somo hilo moja linatosha kwa kuanzia, wala halihitaji kikao. Badilisha swali la mradi tu. Badala ya “tengenezeni mfumo”, sema “pokeeni mfumo, uendelezeni, kisha mkabidhini wengine”.

Tafuta mradi mmoja mzuri wa mwaka uliopita, mistari 3,000 hadi 5,000. Kabla ya muhula, uendeshe mwenyewe kwenye kompyuta safi. Jitengee siku mbili, maana kuna mambo matatu yatakayokukwamisha karibu kila mara: nenosiri la hifadhidata limeandikwa ndani ya msimbo, data za mfano hazipo, na matoleo ya maktaba za msimbo yamebadilika. Yarekebishe yale tu yanayozuia kabisa. Mengine waachie wanafunzi, ndiyo somo lenyewe. Na kama nenosiri liliwahi kuingia kwenye Git, waonyeshe kwamba kulifuta kwenye faili hakulitoi kwenye historia. La kwanza ni kulibadilisha nenosiri lenyewe.

Gawa wanafunzi 60 katika vikundi 12 vya watano. Wiki mbili za kwanza kazi ni moja: kuusimamisha mfumo na kuandika maelekezo ya kuusimamisha. Kipimo ni kikundi kingine kufuata maelekezo hayo kimyakimya. Kila swali wanalolazimika kuuliza ni kasoro ya maelekezo.

Wiki ya 3 na ya 4, wape hitilafu tatu ulizoziingiza mwenyewe, na sharti moja: kabla ya kurekebisha, waandike jaribio linaloshindwa kwa sababu ya hitilafu hiyo. Kuna hitilafu moja tunayoipendekeza sana kwa Afrika Mashariki. Seva nyingi huhesabu muda kwa UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa 3. Ripoti ya “mauzo ya leo” ikitumia tarehe ya seva, kila mauzo ya kuanzia saa sita usiku hadi kabla ya saa tisa usiku yanaangukia jana. Mchana programu inaonekana nzima kabisa. Mwanafunzi anayejaribu saa nne asubuhi hataipata, mpaka ajifunze kuiwekea programu saa ya bandia kwenye jaribio lake.

Wiki ya 5 hadi ya 9, waongeze kazi mpya kwa mtumiaji wa kweli: mkutubi, mhasibu, mtu wa zahanati ya chuo. Wakutane naye ana kwa ana, kwa sababu akisema “nataka ripoti” huwa hajasema ni ya nini, ya lini, wala nani anaisoma. Wiki ya 7 mtumiaji abadilishe sharti moja kubwa. Mpange mapema, lakini wanafunzi wasijue.

Wiki ya 10, vikundi vibadilishane msimbo. Watanung’unika sana, nawe shikilia hapo hapo. Kijana aliyeita kigezo `x2` ataona sura ya mtu anayejaribu kukielewa.

Wiki ya 11 hadi ya 13 mfumo uwe kwenye seva, ndogo tu, hata ya RAM ya GB 1 au kompyuta ya maabara. Waambie siku moja ndani ya wiki hizo utaifuta hifadhidata, siku usiitaje. Wana saa 1 kuirudisha. Vikundi vingi vitagundua siku hiyo kwamba nakala rudufu ilikuwa inatengenezwa kila usiku ikiwa tupu, au ilikuwa kwenye diski ile ile iliyofutwa. Afadhali wagundue kwako kuliko hospitalini.

Wiki ya 14 ni ya kuhojiwa. Alama tunazipendekeza hivi: 30 za mtu binafsi, 25 za majaribio, 20 za maelekezo na makabidhiano, 15 za kurudisha data, 10 anatoa mtumiaji. Zile 30 ndizo zinazomnusuru mwanafunzi mwenye bidii dhidi ya wanaobebwa, na ndizo ngumu kuzitoa kwa haki. Usihesabu ni mara ngapi mtu amehifadhi mabadiliko kwenye Git. Hesabu hiyo inatuniswa kirahisi, mwingine atahifadhi kila nukta. Mwite dakika 10, fungua faili lililo na jina lake, mwambie abadilishe jambo dogo mbele yako na aeleze litagusa wapi. Njia hii inafanya kazi hata kama msimbo umeandikwa na akili mnemba. Asiyeuelewa ataonekana kabla ya dakika ya tatu. Wanafunzi 60 kwa dakika 10 ni saa 10. Mkiwa wawili, ni saa 5 kila mmoja.

Kuhusu kampuni: usiziombe mhadhara wa wageni. Omba mhandisi mmoja, saa 2 kila baada ya wiki mbili, asome mabadiliko ya wanafunzi na kuandika maoni ubavuni mwa mistari. Anaweza kuifanya akiwa ofisini kwake. Intaneti ikikatika, Git haitegemei mtandao. Kila kompyuta inabeba historia nzima, na seva ya maabara inatosha kuunganishia kazi.

Kampuni yetu ina wahandisi saba. Kila Julai tunapokea wanafunzi wa fildi wawili kwa wiki nane. Wanaondoka hawajajifunza kitu, nasi tumebaki na kazi za nusu. Tuache kuwapokea?
*Mwenye kampuni, Arusha*

Msiache, ila anzeni kujiandaa kabla hawajafika. Fildi huharibika kwa namna mbili: mwanafunzi anafanywa fundi wa printa na nyaya, au anapewa mfumo mzima peke yake kwenye kona.

Wiki moja kabla, andaeni akaunti zake, kompyuta ya RAM ya GB 8 au zaidi, na data za majaribio. Msimpe nakala ya data za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu, na mwanafunzi anabeba kompyuta hiyo kwenye daladala. Siku ya kwanza aendeshe mfumo kwake. Kufikia siku ya tatu, badiliko lake la kwanza liwe limefika kwa watumiaji, hata kama ni kusahihisha neno kwenye kitufe. Dogo hilo linampitisha kwenye mlolongo mzima: tawi, majaribio, ukaguzi, seva.

Wiki ya 2 hadi ya 4 apewe hitilafu za siku moja au mbili. Wiki ya 5 hadi ya 7 kitu kimoja chenye faida ambacho kikichelewa hakiumizi mtu, kama kutoa ripoti kwenye Excel. Wiki ya 8 hagusi kitu kipya. Anaandika makabidhiano na kuwaonyesha wote kwa dakika 30. Wiki hiyo ndiyo inayookoa zile kazi za nusu mnazozilalamikia, na ndiyo inayoliwa kwanza mkiwa na haraka.

Awe na mlezi mmoja anayejulikana kwa jina, si “muulize yeyote”. Dakika 20 kila asubuhi, na mabadiliko yake yasomwe siku hiyo hiyo. Kila badiliko lisizidi mistari 200, kwani anayeletewa mistari 1,000 huishia kuandika “sawa” bila kusoma. Mfundisheni pia kuuliza: akikwama dakika 30, aje na vitu vitatu, yaani alichotaka kufanya, alichojaribu, na maneno kamili ya kosa lililotokea.

Wiki nane ni chache hata hivyo. Chuo kikuu cha Waterloo, Kanada, tangu 1957 kinapishanisha darasa na kazi ya malipo, na vipindi vyake ni vya miezi minne minne. Ujerumani vijana wa fani ya Fachinformatiker (mtaalamu wa teknolojia ya habari) hukaa miaka mitatu, mguu mmoja kwenye kampuni na mmoja shuleni. Hata bila mpango kama huo, kampuni inaweza kumwita tena mwanafunzi yule yule mwaka unaofuata. Wiki nane za pili zinaanzia pale za kwanza zilipoishia.

Mwanangu amemaliza kidato cha sita. Nimlipie shahada ya miaka mitatu au minne, au kozi ya programu ya miezi sita?
*Mzazi, Morogoro*

Mzazi, kozi ya miezi sita inaweza kumfundisha kutengeneza kitu kinachoonekana. Haina nafasi ya kumfundisha kwa nini kimekuwa kizito au kimevuja, na hapo ndipo kazi nyingi zilipo. Kama uwezo unaruhusu, shahada kwanza, kozi fupi wakati wa likizo. Kama hauruhusu, stashahada ya chuo cha ufundi yenye mafunzo ya vitendo inazidi kozi fupi pekee.

Popote utakapokwenda, kabla ya kulipa ada, omba uonyeshwe programu moja ya wanafunzi wa mwaka juzi ambayo leo hii inatumiwa na mtu asiye mwalimu wao. Kisha uliza ni nani anairekebisha inapoharibika.